“Bunduki ya nini?” Jibu linaanzia kwenye sefu

“Bunduki ya nini?” Maneno matatu, sauti mbili. Sauti ikipanda mwishoni, ni swali: mtu anataka kujua silaha hiyo inakufanyia kazi gani. Ikishuka, ni karipio: anakwambia hukupaswa kuwa nayo. Mwenye bunduki aliyechoka kuulizwa husikia karipio hata palipoulizwa swali, akaanza kujitetea kabla hajashtakiwa. Hapo ndipo mazungumzo mengi yanapoharibika, na mara nyingi anayeyaharibu ni mwenye bunduki.

Msimamo wangu ni mmoja. Anayekuuliza ana haki ya kuuliza, hata akiuliza vibaya. Risasi ndogo ya .22 LR, ile ambayo wanafunzi wengi wa shabaha huanza nayo, ikifyatuliwa juu-juu inaweza kuruka zaidi ya kilomita 1 kabla ya kuanguka. Maana yake ni kwamba bunduki yako inawahusu watu usiowajua na wasiokujua. Anayeishi ndani ya masafa hayo akitaka kujua unaitunzaje, hajakuvunjia heshima.

Tena si jirani peke yake anayeuliza. Nchi nyingi huliuliza swali hilohilo kwenye fomu. Uingereza, Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 inamtaka mwombaji aonyeshe sababu nzuri ya kuwa na bunduki. Australia, baada ya mauaji ya watu wengi kwa risasi huko Port Arthur, Aprili 1996, serikali ya shirikisho na majimbo zilikubaliana kwamba mwombaji lazima awe na sababu ya kweli, na kwamba kujilinda hakuhesabiwi kuwa sababu. Japani mtu huanza na shotigani (bunduki ya marisau), baada ya darasa, mtihani wa kuandika, mtihani wa kulenga na cheti cha daktari. Raifo huja baada ya kumiliki shotigani kwa miaka 10. Marekani ndiyo imekwenda njia nyingine: haki ya kuwa na silaha imo kwenye katiba tangu 1791, na sehemu kubwa ya nchi hiyo mnunuzi haulizwi anataka bunduki ya nini. Basi pale serikali isipouliza, watauliza jirani, shemeji, na mzazi wa rafiki wa mwanao.

Kabla hujamjibu yeyote, jijibu mwenyewe kwa sentensi moja fupi. “Nawinda.” “Napiga shabaha kwenye mashindano.” “Nafuga, na wanyama wakali hufika zizini.” “Nimeirithi kwa babu.” “Najilinda.” Sentensi ikihitaji maelezo ya dakika tano, sababu yako haijaiva. Nne za mwanzo hazina tabu. Mwindaji atataja mnyama, msimu na kibali. Mpiga shabaha anaweza kueleza kwamba kwenye raifo ya upepo ya mita 10, mchezo wa Olimpiki, alama ya kumi ni kidoa cha nusu milimita, na msikilizaji ataelewa mara moja kwamba huo ni mchezo wa pumzi na utulivu. Aliyerithi ana jambo moja tu la kufanya haraka: ampelekee fundi wa bunduki aikague, kwa sababu silaha iliyolala miaka 30 kwenye sanduku inaweza kuwa na kutu ndani ya mtutu, na inaweza pia kuwa na risasi ambayo marehemu aliisahau.

Ni “najilinda” inayotaka kutulia.

Jibu lenye deni

Kujilinda ni jibu zito, na ndilo linalotamkwa kirahisi kuliko yote. Muulizaji makini atakuuliza la pili: utajilindaje? Usiku wa manane umeshtuka usingizini, chumba ni giza, mikono inatetemeka. Sefu ndogo ya kando ya kitanda, yenye vitufe vya namba, hufunguka kwa sekunde chache kwa mkono uliozoea. Kwa betri iliyokwisha haifunguki kwa vitufe. Betri ibadilishwe kwa tarehe, mara moja kwa mwaka, bila kusubiri taa nyekundu iwake. Na ufunguo wa dharura usikae ndani ya sefu hiyohiyo. Linasikika kama kosa la kijinga, lakini ni rahisi kulifanya, kwa kuwa sefu nyingi huja na funguo zake ndani ya boksi, na mwenye nyumba anaziacha humohumo akisema atazitoa kesho.

Kisha kuna ukuta. Risasi ya bastola ya milimita 9 hupita kwenye ukuta wa jasi au mbao nyembamba na kuingia chumba cha pili ikiwa bado na nguvu ya kuua. Anayesema anailinda familia yake ajue nani analala nyuma ya ukuta upi, na kutoka mlango wake mwenyewe ni upande gani hawezi kufyatua hata akitaka. Awe na tochi ya mkononi, mbali na ile iliyofungwa kwenye bastola kama anayo. Tochi ya kwenye bastola haiwezi kummulika mtu bila kumwelekezea mtutu, na kivuli kilichosimama mlangoni kinaweza kuwa cha kijana wako aliyerudi kimya kimya.

Muulizaji aliyesoma ataleta takwimu. Mwaka 1993 Arthur Kellermann na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine utafiti wa mauaji ya majumbani kutoka kaunti tatu za Marekani. Walikuta kwamba kuwa na bunduki nyumbani kulihusiana na uwezekano mkubwa zaidi wa mtu kuuawa humo, mara 2.7, na kwamba wengi wa waliouawa waliuawa na ndugu au mtu waliyemfahamu. Utafiti huo umebishaniwa hadi leo. Hoja moja ya wapinzani ina uzito: aliye hatarini ndiye anayekimbilia kununua silaha, kwa hiyo huenda hatari ilitangulia bunduki. Lakini ukianza kwa kuutupilia mbali, umempoteza msikilizaji. Jibu lililo bora ni la kukubali kinachokubalika: “Ndiyo, bunduki ndani ya nyumba inaongeza hatari yake yenyewe. Hiyo hatari nimeipunguza hivi.” Halafu eleza hivi vyenyewe: sefu, risasi, funguo, mazoezi, watu wa nyumbani wanaojua na wasiojua.

Ukikosa cha kueleza baada ya “hivi,” nyamaza kwanza, ukayatengeneze.

Mzazi anayeuliza

Swali linalostahili heshima kuliko yote ni hili: “Jirani, samahani kukuuliza. Mtoto anataka kuja kucheza kwako Jumamosi. Nasikia una bunduki, ni kweli?”

Usicheke. Usiulize nani amemwambia. Usiseme “watoto wangu wamefundishwa, hawawezi kuigusa.” Sema: “Umefanya vyema kuniuliza. Ndiyo, ninayo bastola moja. Iko kwenye sefu iliyofungwa kwa boliti ukutani, haina risasi ndani. Risasi ziko kwenye kasha lingine lenye kufuli lake. Watoto hawajui namba, na ufunguo ninao mimi. Ukitaka kuiona sefu, karibu. Silaha sitaitoa.”

Jibu hilo lina mambo manne, na kila moja lina kazi yake. Mwaka 2005 David Grossman na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la JAMA utafiti kuhusu watoto na vijana waliojijeruhi kwa bunduki za nyumbani, kwa bahati mbaya au kwa kukusudia. Mambo manne, yaani kufungia bunduki, kuitoa risasi, kufungia risasi, na kuziweka risasi mbali na bunduki, kila moja peke yake lilihusiana na hatari ndogo zaidi. Kwa hiyo ukiyataja yote manne, humtulizi mzazi kwa maneno matamu. Unamtajia vitu vinavyofanya kazi.

Kuhusu “wamefundishwa,” kuna jaribio ambalo kila mwenye bunduki na watoto anapaswa kulijua. Lilichapishwa 2001 katika jarida la Pediatrics. Wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12 waliwekwa katika makundi 29 ya wawili wawili au watatu watatu, kwenye chumba chenye bastola halisi, isiyo na risasi, iliyofichwa ndani ya droo. Makundi 21 yaliipata ndani ya robo saa. Kati ya hayo, makundi 16 yaliishika, na katika makundi 10 mmoja au zaidi alivuta triga. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuvuta triga walisema waliwahi kufundishwa usalama wa bunduki. Kufundisha kuendelee, lakini mafunzo hayachukui nafasi ya kufuli.

Kuficha nako si kutunza. Juu ya kabati, chini ya godoro, nyuma ya nguo za msimu wa baridi: hizo ni sehemu ambazo mtoto hupanda na kuchimba akitafuta kitu kingine kabisa. Na asidanganywe mtu kwamba mtoto mdogo hana nguvu. Triga za bastola nyingi huhitaji nguvu ya kama kilo 2 hadi 3, na mtoto wa miaka 4 asiyeweza kuivuta kwa kidole kimoja huishika kwa mikono miwili, mtutu ukimtazama yeye, na kusukuma triga kwa vidole gumba. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, ajikate ajifunze. Kwenye wembe kuna kujifunza.

Namba ya sefu isiwe siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote wa nyumba hiyo, maana hiyo ndiyo ya kwanza mtoto wa miaka 9 atakayoijaribu. Futa vitufe kwa kitambaa mara kwa mara, kwa sababu mafuta ya vidole huacha alama kwenye namba nne zilezile. Sefu nyepesi isiyofungwa kwa boliti sakafuni au ukutani inambebea mwizi bunduki yako. Waya wa kufuli, kwa asiye na sefu bado, unapitishwa kwenye tundu la kutolea ganda la risasi na kutokea kwenye tundu la magazini (kibebeo cha risasi), ili slaidi, kile chuma cha juu ya bastola kinachokwenda nyuma na mbele, isiweze kufunga. Ukiuzungusha kwenye kitako tu umefunga mapambo. Kufuli la triga nalo lisivishwe kamwe kwenye silaha yenye risasi, kwa kuwa unapolivisha unaingiza kipande cha chuma mahali hasa ambapo hakitakiwi kitu.

Kisha mgeuzie swali yule mzazi, kwa upole: watoto wako wakienda kwao, je? Wengi hawajawahi kujiuliza kama babu, mjomba au jirani wa tatu ana silaha. Mazungumzo yaliyoanza kwa wasiwasi juu yako huishia kwa nyumba tano kujuana.

Usiitoe kuonyesha

Kosa kubwa kuliko yote katika kumjibu mtu anayeuliza kuhusu bunduki ni kwenda kuileta. “Ngoja nikuonyeshe” imetangulia ajali nyingi ambazo baadaye husimuliwa kwa sentensi ileile: nilijua haina risasi.

Husemwa ajali haina kinga. Hii inayo, tena ya ngazi nne. Chukulia kila silaha kuwa ina risasi. Usimwelekezee mtutu chochote usicho tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga, kimenyooshwa ubavuni mwa silaha, mpaka umeamua kufyatua. Jua unalenga nini, na nini kiko nyuma yake. Ili mtu aumie, kwa kawaida lazima kanuni mbili zivunjwe kwa wakati mmoja. Ndiyo maana zinafundishwa zote, ili moja ikiponyoka nyingine ishike.

Na hata kutoa risasi kuna mpangilio, ambao ukigeuzwa ni hatari. Kwenye bastola ya magazini: mtutu uelekee upande salama, kidole nje. Toa magazini kwanza, iweke mbali. Ndipo uvute slaidi nyuma kwa nguvu, mara mbili tatu, risasi iliyokuwa ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa, iruke nje, halafu uifungie slaidi ikiwa wazi. Tazama ndani ya chemba kwenye mwanga. Ingiza ncha ya kidole kidogo uguse, kwa kuwa jicho lililozoea kuona tundu tupu huliona tupu hata lisipokuwa tupu. Tazama na tundu la magazini. Geuza macho pembeni, kisha tazama tena.

Sasa geuza mpangilio uone kinachotokea. Mtu anavuta slaidi kwanza: risasi moja inaruka nje, anaiona ikianguka, moyo unatulia. Lakini slaidi inaporudi mbele inachota risasi ya juu kutoka kwenye magazini na kuiingiza kwenye chemba. Ndipo anatoa magazini. Mkononi ana magazini, sakafuni ana risasi, ushahidi wote wa macho unamwambia silaha ni tupu, na ndani kuna risasi moja. Baadhi ya bastola hazifyatuki bila magazini, nyingine zinafyatuka vizuri tu, na anayeegemea tofauti hiyo siku moja atashika ya aina nyingine.

Rivolva, bastola yenye silinda inayozunguka, ni rahisi zaidi: fungua silinda, sukuma fimbo ya kutolea, hesabu matundu yote kwa kidole. Shotigani ya kukoki kwa mkono ina mtego wake, kwa sababu risasi nyingine zimelala kwenye mrija chini ya mtutu. Chemba ikiwa tupu, mrija waweza kuwa umejaa, na kukoki mara moja kunaleta risasi juu. Kwenye raifo za .22 zenye mrija, risasi moja inaweza kunata humo kwa uchafu na kuteremka baadaye.

Kama muulizaji anataka kweli kuona na kuelewa, mwalike kwenye uwanja wa shabaha, penye msimamizi. Na umpangie siku hiyo kwa makini kuliko unavyojipangia wewe. Miwani ya kukinga macho. Vizibo vya masikio na vifuniko juu yake, vyote viwili, kwa kuwa mlio wa bunduki unafika desibeli 140 na zaidi, na masikio yaliyoharibika hayarudi. Shati la kufunga shingoni, maana ganda la risasi hutoka likiwa la moto, na likidondokea kifuani mtu huruka na kuzunguka na silaha mkononi. Aanze na .22, isiyo na mshindo mkubwa. Umjazie risasi moja tu kwenye magazini. Moja. Mtu akifyatua kwa mara ya kwanza hugeuka na tabasamu kukutazama, na bunduki inageuka naye. Ikiwa na risasi moja, iliyogeuka ni tupu. Mwisho nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula chochote, kwani vumbi la kufyatua lina madini ya risasi (ledi), ambayo huingia mwilini kwa mdomo.

Hatakiwi kutoka pale akiwa amebadili msimamo. Inatosha atoke akijua kwamba unamwambia ukweli unaposema unajali.

Majibu yanayovunja mazungumzo

“Ni haki yangu.” Pale ilipo haki, ni kweli. Lakini uliulizwa unaitumia kwa nini, ukajibu kwamba huzuiwi. Ni kama mtu aulizwe mbona anaendesha usiku, aseme ana leseni.

“Hata magari yanaua.” Hili limechakaa kwa kurudiwa, na linamgeukia mwenye kulitumia. Muulizaji atakujibu kwamba gari lina mafunzo, mtihani, leseni, namba ya usajili na bima, na kwamba mtu akilewa anakatazwa usukani. Ukikubali ulinganisho huo, umekubali masharti yake yote. Kama uko tayari kuyakubali, sema hivyo tangu mwanzo na uache magari.

“Wahalifu wanazo.” Ni kweli, na baadhi ziliibiwa kwa wenye nazo kihalali waliokosa kuzifungia. Hapo ndipo pa kuangalia.

Na kuna jibu la kifua: “Aje mtu aone.” Hilo silipendi hata kidogo. Mwenye kujisifu kwamba atampiga risasi atakayevuka uzio anafanya mambo mawili. Anamthibitishia muulizaji hofu yake. Tena anajitengenezea ushahidi: ikitokea siku amelazimika kujilinda kweli, mwendesha mashtaka atauliza alikuwa na nia gani, na ujumbe wake wa simu wa mwaka uliopita utasomwa mbele ya mahakama. Sheria za sehemu nyingi huruhusu nguvu ya kuua pale tu maisha yanapokuwa hatarini papo hapo. Kulinda redio na televisheni hakumo. Ukiulizwa “Ungeweza kumuua mtu?”, jibu la mtu mzima ni: “Naomba Mungu nisije kujua. Najizoeza niweze kuondoka, kufunga mlango na kupiga simu kwanza.”

Yapo pia maswali ambayo hayastahili jibu. Fundi aliyekuja kutengeneza bomba, mtu usiyemjua mtandaoni, mgeni wa mgeni: hao hawana sababu ya kujua una silaha gani na inakaa wapi. “Mambo ya ndani siyasemi, ndugu yangu, uniwie radhi” inatosha. Usipige picha ya sefu ukaiweka mtandaoni, wala kibandiko cha bunduki kwenye kioo cha gari. Kinamwambia mwizi avunje kioo kipi. Mzazi anayemleta mtoto wake kwako ana haki ya kujua kwamba silaha ipo na imefungiwa. Aina yake na chumba chake si lazima avijue.

Anapouliza aliye karibu nawe

Wakati mwingine swali linatoka ndani ya nyumba. Mke, mume, dada, rafiki wa siku nyingi anauliza kwa sauti ya chini: “Hivi ile bunduki bado unayo?” Sikiliza vizuri. Huenda hajali siasa yoyote ya silaha. Huenda amekuona hulali, huli, umefukuzwa kazi, umefiwa, unakunywa kuliko zamani. Anakuuliza kuhusu wewe.

Mwaka 2021 Marekani ilipoteza watu 48,830 kwa risasi, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu. Kati ya wanaojaribu kujiua kwa bunduki, takribani tisa katika kumi hufa, wakati njia nyingine nyingi humwachia mtu nafasi ya kuokolewa, na wengi walionusurika hawarudii. Tena kwa watu wengi wimbi kali kabisa la kutaka kufa ni la muda mfupi, dakika au saa chache. Silaha ikiwa mbali kwa saa hizo, mtu anaweza kubaki hai.

Kwa hiyo jibu la swali hilo ni tendo. “Ndiyo, ninayo. Chukua ufunguo ukae nao wewe.” Au silaha itoke nyumbani kabisa kwa muda: kwa ndugu mwenye leseni, kwenye klabu ya shabaha yenye ghala, kwa muuza silaha, au polisi. Uliza kwanza sheria ya hapo ulipo inaruhusu nani kukushikia, kwa kuwa sehemu nyingine kumkabidhi asiye na leseni ni kosa hata kwa siku mbili. Ikishindikana yote, toa kipande kimoja ambacho bila hicho haifyatuki, kama boliti ya raifo (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), umpe mtu akae nacho. Wenye bunduki tunaweza kupanga hili mapema, tukiwa wazima, wawili wawili: siku nikikuuliza, unanipa bila ubishi, na siku ukiniuliza nakupa. Na wewe unayeona rafiki yako anazama, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Sababu ikiisha

Kila mwaka, leseni inapohuishwa au siku unapobadilisha betri ya sefu, jiulize mwenyewe: bunduki ya nini? Mwindaji ambaye magoti yamekataa na hajaingia porini misimu mitano, mfugaji aliyeuza mifugo, aliyenunua kwa hofu ya mtaa ambao ameshahama: sababu imeondoka na bunduki imebaki. Silaha isiyo na kazi haifanyiwi mazoezi, haikaguliwi, na namba ya sefu inasahaulika au inaandikwa kwenye karatasi.

Kuirudisha nako kuna utaratibu. Usitokee kituo cha polisi na bastola mkononi au mfukoni, hata kama nia yako ni njema. Piga simu kwanza, useme unataka kukabidhi silaha, uulize wanakutaka uje siku gani na mlango gani, au kama watakuja wenyewe. Iondoe risasi kwa mpangilio ule ule, magazini kwanza. Iweke kwenye begi lililofungwa, risasi kwenye begi jingine, zote nyuma ya gari mbali na mkono wako. Ukifika, ingia mikono mitupu, jitambulishe, useme silaha iko wapi, na umwache ofisa aamue nani aende kuichukua. Kama huwezi kuitoa risasi, au bunduki imeshika kutu na haifunguki, sema kabla hajaigusa mtu. Usiondoke bila stakabadhi yenye namba iliyochongwa kwenye silaha, aina yake, tarehe na sahihi ya aliyepokea. Linganisha namba hiyo na ya kwenye leseni, tarakimu kwa tarakimu, ukiwa bado umesimama kaunta.